Printa inakata maandishi pembeni: kabla ya kununua mashine nyingine, pima karatasi

"Fundi, shikamoo. Nina steshenari ndogo jirani na chuo hapa Iringa, huu ni mwaka wa tatu. Nina printa mbili: ya tona, ile yenye kioo cha kutolea kopi, niliyoinunua ikiwa imetumika, na ndogo ya wino kwa kazi za rangi. Shida yangu ni kwamba kazi zinatoka zimekatwa. Fomu za wanafunzi zinaliwa chini. Wiki iliyopita kijana mmoja alirudishiwa fomu ya mkopo kwa sababu mstari wa sahihi ya mdhamini haukuonekana. Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa aliniletea hesabu zao za Excel, kolamu nne za kulia zikatoka kwenye karatasi ya pili peke yake. Mchungaji aliagiza tangazo lenye fremu, nikalichapa kwenye ile ya wino, fremu ikatoka pande tatu, chini hamna. Nimebadilisha tona, nimebadilisha rimu ya karatasi, hali ni ile ile. Ajabu ni kwamba kopi za kwenye kioo zinatoka nzima. Halafu kila nikituma PDF kwenye ile ya tona, taa ya chungwa inawaka kana kwamba trei haina karatasi. Nabonyeza kitufe ndipo inaendelea. Fundi wa hapa anasema mashine imechoka, ninunue nyingine. Je, ni kweli?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kazi. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa maelezo haya, mashine yako haijachoka. Usitoe hela bado. Ushahidi umeuandika wewe mwenyewe mwishoni mwa swali lako.

Umesema kopi za kwenye kioo zinatoka nzima. Kopi inapita kwenye roli zile zile, dramu ile ile (silinda inayobeba picha ya ukurasa) na fuza ile ile (sehemu ya moto inayoshikiza unga wa tona kwenye karatasi) iliyopitisha fomu ya yule kijana. Kama roli zingekuwa zimekwisha, au dramu imekufa upande mmoja, kopi nazo zingeliwa. Tofauti ni moja tu: kopi haipiti kwenye kompyuta, fomu imepita. Kwa hiyo kosa limekaa upande wa kompyuta.

Umesema pia habari ya taa ya chungwa, na hapo ndipo nilipopata jibu. Taa ile haikuambii kwamba karatasi imeisha. Inakuambia hivi: nimeagizwa nichape kwenye karatasi ya kipimo kingine, na trei yangu imeandikishwa A4, basi niletee hiyo nyingine. Ukibonyeza kitufe unaijibu, chapa hivyo hivyo. Nayo inatii. Inaichapa kazi kwa vipimo vya karatasi ambayo haipo, juu ya karatasi iliyopo. Nimekwenda kwenye maduka mengi nikakuta kitufe hicho kimefutika rangi kwa kubonyezwa, na mwenye duka anaamini ndivyo mashine ilivyozaliwa.

Karatasi hiyo nyingine, karibu kila mara, ni Letter. Huku kwetu tunatumia A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Kipimo hicho kilitokana na kanuni za Ujerumani za mwaka 1922, na mwaka 1975 kikawa cha kimataifa. Marekani na Kanada hawakuhama, wamebaki na Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Ukiziweka moja juu ya nyingine, Letter imezidi upana kidogo, milimita 6, lakini ni fupi kwa milimita 18. Kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Programu nyingi huchagua karatasi kwa kufuata nchi iliyowekwa kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi tunazouziwa, hasa zilizotumika, zimewekwa Kiingereza cha Marekani. Hakuna aliyechagua Letter kwa makusudi. Imekuja na mashine.

Sasa angalia kilichotokea kwa fomu ya mkopo. Faili lenyewe ni A4, limejaa mistari mpaka karibu na ukingo wa chini, kama fomu za ofisi zilivyo. Kompyuta ikaambiwa karatasi ni Letter. Fomu ya milimita 297 ikalazwa kwenye kitanda cha 279. Programu ikiiweka katikati, inakata milimita 9 juu na 9 chini. Ikianzia juu, zote 18 zinaliwa chini. Juu ya hasara hiyo ongeza ukingo mweupe ambao printa yenyewe haiwezi kuufikia, nitaueleza baadaye kidogo. Sahihi ya mdhamini ilikuwa humo humo. Tona mpya isingeirudisha, wala rimu mpya.

Kwa hiyo kwa kila kazi kuna karatasi tatu: ile ambayo faili lilitengenezewa, ile ambayo kompyuta imeambiwa, na ile iliyoko kwenye trei. Zote tatu zikikubaliana, hakuna kinachokatwa. Moja ikienda kivyake, kuna upande utalia. Mara nyingi tunaikagua ya tatu peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoshikika mkononi.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwenye Windows, fungua orodha ya printa, bonyeza kulia kwenye jina la printa yako ya tona, ingia palipoandikwa "Printing preferences", tafuta ukubwa wa karatasi, uweke A4. Watu wengi wanaishia hapo, halafu baada ya siku mbili Letter inarudi. Ili ibaki, ingia pia "Printer properties", kisha "Advanced", kisha "Printing defaults", na humo nako uweke A4. Kwenye mpangilio wa nchi wa kompyuta, ondoa Marekani, weka Tanzania. Halafu nenda kwenye printa yenyewe, kwenye kioo chake kidogo cha menyu, uhakikishe trei imeandikwa A4. Mashine ndogo nyingi hazipimi karatasi uliyoweka, zinaamini kilichoandikwa kwenye menyu. Mwisho, unapochapa PDF, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa angalia ile picha ndogo ya ukurasa inayoonyeshwa pembeni. Kama fremu au mstari unaonekana umekatwa pale, utakatwa pia kwenye karatasi. Picha hiyo ni bure, karatasi si bure.

Kwenye dirisha hilo hilo utakutana na maneno mawili yanayochanganya watu: "Fit" na "Actual size". La kwanza linapunguza au kukuza ukurasa ili uingie wote kwenye eneo ambalo printa inaweza kuchapa. La pili linachapa kwa kipimo chake halisi, liwalo na liwe. Fomu ya chuo cha Marekani iliyotengenezwa kwa Letter haiwezi kuingia kwenye A4 kwa upana bila kupunguzwa, na kwa mashine za kawaida utaishia kati ya asilimia 93 na 97. Herufi za pointi 12 zinabaki na zaidi ya pointi 11. Hakuna ofisa atakayeligundua hilo kwa macho. Kwa fomu, barua, CV na vyeti, chagua "Fit" bila wasiwasi.

Lakini usiifanye kuwa desturi ya kila kazi, nakuomba sana. Zipo kazi ambazo kupungua kwa asilimia 3 kunaziharibu: karatasi za stika zilizokwisha kukatwa visanduku, patani ya nguo ya fundi cherehani, ramani ya kiwanja yenye skeli, picha za pasipoti, lebo za msimbo wa mistari. Fundi cherehani akipewa patani iliyopunguzwa kwa asilimia 5, kifua cha sentimita 100 kinakuwa 95, na kitambaa cha mteja kimekwisha kukatwa. Kazi za namna hiyo zichapwe kwa kipimo halisi, kisha uchukue rula upime mstari mmoja unaoujua urefu wake kabla hazijatoka dukani. Na kama kwa kipimo halisi zinakatwa, jibu ni A3, karatasi kubwa mara mbili ya A4. Usizibane.

Nije kwenye ule ukingo mweupe, kwa sababu ndio uliomponza mchungaji. Printa za kawaida haziwezi kuchapa hadi kwenye kingo za karatasi. Kuna sababu ya kiufundi. Kwenye printa ya tona, karatasi ikiwa na tona mpaka ukingo wa mbele, inapoingia kwenye fuza yenye joto inaweza kunata na kujiviringisha, na tona inayopita nje ya ukingo huchafua roli za ndani. Kwa hiyo watengenezaji huacha nafasi, kwa kawaida milimita 4 hadi 6 kila upande. Kwenye printa ya wino shida kubwa iko chini. Karatasi ikikaribia kwisha, inakuwa imeachiwa na roli za nyuma, imeshikwa na zile za mbele peke yake, na haiendi tena kwa mwendo wa kuaminika. Ndiyo maana kwenye mashine nyingi za wino, hasa za zamani, ukingo wa chini ni mpana kuliko pande nyingine tatu, unaweza kupita milimita 12.

Sasa, Word ikiweka fremu ya ukurasa, kama hujaigusa, huiweka pointi 24 kutoka ukingo wa karatasi, yaani milimita 8 na nusu hivi. Kushoto, kulia na juu printa yako ya wino inafika hapo. Chini haifiki. Ndiyo fremu ya pande tatu uliyoiona, na mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Fungua mpangilio wa fremu, ingia kwenye chaguo zake, ubadilishe ipimwe kuanzia kwenye maandishi badala ya ukingo wa karatasi. Kisha hakikisha pambizo za ukurasa zina sentimita 2 au zaidi, ili fremu ipate mahali pa kukaa.

Ufanye pia jaribio hili, halizidi dakika tano. Tengeneza ukurasa wa A4, weka mstatili wa rangi ya kijivu unaoufunika wote mpaka kingoni, uchape kwa kipimo halisi kwenye kila printa. Sehemu iliyobaki nyeupe ndiyo mashine hiyo isiyoweza kuifikia. Pima kwa rula pande zote nne, andika vipimo kwa kalamu ya wino mzito, bandika karatasi hiyo ukutani juu ya printa. Siku mteja akikuletea tangazo lenye maandishi yaliyogusa ukingo, utajua kabla ya kuchapa, na utamwonyesha kwa macho.

Wako watakaotaka rangi ijae karatasi nzima, kama kalenda au kadi za harusi. Baadhi ya printa za wino zina uwezo wa kuchapa bila ukingo, angalia kwenye mpangilio wa yako. Jua tu kwamba zinafanya hivyo kwa kuikuza picha kidogo ili izidi karatasi, kwa hiyo kitu kilicho karibu sana na ukingo kitaliwa. Viwanda vya uchapaji navyo havichapi mpaka ukingoni. Vinachapa kwenye karatasi kubwa zaidi, rangi ikizidi milimita 3 hivi kila upande, kisha vinakata kwa mashine ya kukatia. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo: A5, yaani nusu ya A4, yenye rangi ya kujaa ichape juu ya A4, kisha ikate.

Kuhusu mama wa kikundi, hapo hakuna kilichokatwa kwa maana ya kuliwa. Excel haina ukurasa. Ni shamba lisilo na mipaka, na unapoagiza kuchapa ndipo inapoanza kugawa viwanja vya ukubwa wa A4. Kolamu zisizoenea kwenye kiwanja cha kwanza zinapelekwa cha pili. Dawa ya kwanza ni kulaza karatasi, iwe pana badala ya ndefu. Ya pili, kwenye dirisha la kuchapa, palipoandikwa habari ya skeli, chagua kolamu zote ziingie kwenye ukurasa mmoja. Chagua kolamu, usichague jedwali zima, maana ukilazimisha wanachama 80 waingie kwenye karatasi moja utapata herufi za ukubwa wa siafu. Safu za majina ziachwe zishuke kurasa nyingi kadiri zinavyotaka, na ule mstari wa juu wenye vichwa vya kolamu uagize urudiwe kila ukurasa.

Hata hivyo kuna mpaka. Mimi skeli ikishuka chini ya asilimia 65 husimama na kuzungumza na mwenye kazi. Vikundi vingi vina wanachama watu wazima, na hesabu za fedha zao zikichapwa kwa herufi zisizosomeka, katibu peke yake ndiye atakayezijua. Hilo si jambo dogo kwenye kikundi cha fedha. Ni heri kuficha kolamu zisizohitajika siku hiyo, kama namba za simu na tarehe za kujiunga, au kuchapa kwenye A3, au kugawa taarifa mara mbili: michango peke yake, mikopo peke yake. Muulize yeye ni kipi wanachama wanataka kukiona, kisha ndipo uchape. Na ukiona kolamu zinazokosekana kabisa, hata kwenye karatasi ya pili hazimo, angalia kama kuna eneo la kuchapa lililowekwa zamani. Mtu huliweka mara moja, jedwali likakua, eneo likabaki pale pale. Lifute, uliweke upya.

Jambo jingine hujaniuliza, lakini litakufika kama halijafika. Siku moja mzee atakuletea hati ya zamani ya shamba iliyopigwa chapa kwenye fulskepu. Karatasi hiyo ina urefu wa milimita 330 hivi, imeizidi A4 kwa zaidi ya sentimita 3. Kwenye kioo cha A4 itaning'inia nje, na kinachobaki nje mara nyingi ni mhuri na sahihi, yaani sehemu inayoipa hati uzito wake. Kupunguza skeli hakusaidii kama kioo chenyewe hakiioni hati yote. Mpeleke kwenye mashine yenye kioo kikubwa, ambako itapunguzwa kwa asilimia 88 hivi iingie yote kwenye A4. Usiikunje hati kwenye kioo, wala usimpe kopi nusu kwa sababu ana haraka.

Faili za Word zinazotumwa kwa WhatsApp ni shida ya peke yake. Mwanafunzi ametengeneza CV kwenye simu, kwa aina ya herufi ambayo kompyuta yako haina. Kompyuta inaweka herufi nyingine zenye upana tofauti, mistari inasogea, jedwali linatoka nje ya pambizo. Mwombe akutumie PDF, maana ndani yake mpangilio hausogei. Akikutumia picha aliyopiga kwa simu, usiikuze ijae karatasi: picha ya simu na karatasi ya A4 havina uwiano mmoja, na programu itakata pande mbili ili kuziba nafasi. Iache iingie yote, nafasi nyeupe ibaki.

Sasa fundi aitwe lini? Chapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe, kompyuta ikiwa imezimwa. Ukitoka mzima, usimwite, endelea na mipangilio. Ukitoka umekatwa au umehamia upande mmoja, kwanza vuta trei uangalie vile vipande viwili vya plastiki vinavyobana karatasi pembeni. Vikiwa vimeachia, karatasi inaingia imepinda, na kazi zote zinahamia upande mmoja. Kama vimebana vizuri na bado inahama, hapo roli zinahitaji mkono wa fundi. Tofautisha pia kukatwa na kufifia. Kukatwa kuna mstari mnyoofu, herufi nusu ipo, nusu haipo. Kufifia ni maandishi kupauka polepole kuelekea upande mmoja, na hilo linahusu tona, dramu au kioo cha leza kilichoingia vumbi. Kwenye printa ya wino, kichwa kinachochapa kikianza kugonga ukuta wa mashine au kuchapa nusu ya upana, ule utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma yake umechafuka. Fundi ataufuta kwa dakika chache. Usiuvute wewe, ukikatika ni gharama. Na usiingize mkono kwenye fuza ya printa iliyokuwa ikifanya kazi, inaunguza.

Fundi wako wa hapo usigombane naye. Mwonyeshe kopi ya kioo na fomu iliyokatwa, ziwe zimetoka kwenye mashine ile ile siku ile ile, umwambie akueleze kwa nini moja ni nzima. Kama ni fundi wa kweli atakwenda kwenye kompyuta mwenyewe.

Na yule kijana wa fomu ya mkopo, mtafute leo kama muda wa kuwasilisha haujaisha. Ukishaweka A4 kote nilikokutajia, tuma ukurasa mmoja wa fomu yake kwanza. Taa ya chungwa isipowaka, toa zote, uhesabu mistari ya sahihi ukilinganisha na skrini, kisha apeleke kwa mdhamini asaini upya. Taa ikiwaka, usibonyeze kitufe. Futa kazi hiyo, rudi kwenye "Printing defaults", maana kuna mahali Letter imebaki.